Msaidizi wa Kiingereza Ufaransa: maliza makaratasi kabla ya likizo ya Toussaint

Mkataba wa msaidizi wa kufundisha Kiingereza katika shule za serikali za Ufaransa kwa kawaida huanza tarehe 1 Oktoba na kuisha 30 Aprili. Kazi ni saa 12 kwa wiki, na kinachobaki mkononi baada ya makato ni kama euro 800 kwa mwezi. Vijana wengi wanaojiandaa kwenda huumiza kichwa juu ya masomo watakayofundisha. Masomo yatasubiri. Kisichosubiri ni makaratasi, kwa sababu karibu na tarehe 20 Oktoba huingia likizo ya Toussaint ya wiki mbili, shule zinafungwa, na saini uliyoikosa kabla ya hapo utaipata Novemba.

Karatasi ya kwanza kabisa inaitwa procès-verbal d'installation. Inathibitisha kwamba umeripoti kazini, na mkuu wa shule huisaini siku unapoanza. Kisha inapelekwa kwa rectorat, yaani ofisi ya elimu ya mkoa, ambako ndiko mshahara unakoandaliwa. Isipofika huko, kwa mlipaji wewe bado hujaanza kazi, hata kama wanafunzi wote wanakujua kwa jina. Ukipangiwa shule mbili au tatu, uliza siku hiyohiyo ni ipi inayoshika faili lako. Na ujue kwamba hata ukitimiza kila kitu, mshahara wa Oktoba mara nyingi huchelewa ukaja kulipwa pamoja na wa Novemba. Uliza mapema kama unaweza kulipwa sehemu yake kwanza, na usiondoke nyumbani bila akiba ya kukutosha miezi miwili.

Ili ulipwe unahitaji RIB, karatasi ya benki yenye namba kamili za akaunti. Hapo ndipo wageni wengi wanapozungushwa: benki inataka uthibitisho wa makazi, mwenye nyumba anataka hati za mshahara, na mshahara unataka benki. Njia ya kutoka ni attestation d'hébergement. Yeyote anayekupokea kwa wiki za mwanzo anaandika na kusaini kwamba unaishi kwake, anaambatisha nakala ya kitambulisho chake na bili ya umeme au ya intaneti yenye jina lake. Benki ikikataa, usibishane kaunta. Omba barua ya kukataliwa, ipeleke Banque de France, benki kuu ya nchi, nayo itateua benki ambayo kisheria lazima ikufungulie akaunti yenye huduma za msingi bila malipo. Haki hii ipo, na inasikitisha kuona vijana wakikata tamaa kwa kutoijua.

Kuhusu nyumba, uliza kwanza shuleni. Baadhi ya lycée, yaani shule za sekondari ya juu, zina vyumba vya kulala na humpa msaidizi kimoja kwa bei ndogo. Wa kumuuliza ni gestionnaire, msimamizi wa fedha na majengo ya shule. Ukikosa, tafuta chumba chenye samani chini ya mkataba uitwao bail mobilité. Ulianzishwa na sheria ya mwaka 2018 kwa watu wa kazi za muda na mafunzo, unadumu kati ya mwezi 1 na miezi 10, na mwenye nyumba haruhusiwi kudai amana hata senti. Kwenye mkataba wa kawaida wa nyumba yenye samani anaweza kudai amana ya hadi miezi miwili ya kodi, na kwa mshahara huu hiyo ni hela nyingi. Wenye nyumba pia hupenda mdhamini anayeishi Ufaransa. Usianze kutafuta mtu: omba dhamana ya Visale kwenye mtandao, ni bure, na vijana wa miaka 18 hadi 30 hukubaliwa kwa urahisi. Iombe kabla ya kusaini mkataba, maana baada ya kusaini haisaidii.

Siku ya kupokea ufunguo mtakagua nyumba pamoja na kuandika état des lieux, orodha ya hali ya kila kitu. Usione haya kuchukua muda. Fungua bomba la maji ya moto, washa kila jiko, vuta kila dirisha, piga picha doa la ukungu nyuma ya kabati. Ukigundua kasoro baadaye, una siku 10 za kuomba iongezwe kwenye orodha. Kwa mitambo ya kupasha joto una mwezi wa kwanza wote wa msimu wa baridi. Kisha peleka ombi la msaada wa kodi ya nyumba kwa CAF, ofisi ya misaada ya familia na makazi, wiki hiyohiyo. Mwezi wa kuingia haulipwi, na kila mwezi unaochelewa kuomba ni pesa iliyokupotea.

Kama uliingia kwa viza ya muda mrefu inayotakiwa kuthibitishwa, una miezi mitatu tangu kufika kuithibitisha mtandaoni na kulipa ada. Usiache hadi Desemba. Anayesafiri nje ya Schengen, eneo la nchi za Ulaya zisizokaguana mipakani, baada ya muda huo kupita bila kuthibitisha anaweza kuzuiwa kurudi.

Bima ya afya inashughulikiwa na CPAM, ofisi ya bima ya afya ya eneo lako. Wanachokataa mara nyingi ni cheti cha kuzaliwa kisicho na majina ya wazazi, au tafsiri isiyofanywa na mtafsiri aliyeapishwa. Namba yako ya bima ikichelewa nenda hospitali hivyohivyo, ila tunza feuille de soins, fomu ya matibabu anayokupa daktari, kwani ndiyo utakayodaia marejesho baadaye.

Sasa darasani. Wiki ya kwanza, na ikiwezekana ya pili, omba kukaa nyuma na kutazama tu. Wewe si mwalimu wa zamu, na hutakiwi kuachiwa darasa zima badala ya mwalimu asiyekuja. Mpangilio mzuri ni kundi la wanafunzi 10 hadi 12 kwa dakika 55, ambazo kwa kweli ni 45 wakishakaa.

Wanafunzi wa Ufaransa wamezoea alama juu ya 20 kwa kila kitu, kwa hiyo wengi hunyamaza kwa kuogopa kukosea. Waambie tangu mwanzo kwamba wewe hutoi alama, halafu wape kazi isiyofanyika bila kusema. Kuwaonyesha picha na kuuliza wanaona nini huleta jibu la neno moja. Wagawe wawiliwawili: mmoja apewe ramani ya mji yenye maduka, mwenzake ramani ileile bila maduka, na wasioneshane. Maneno mapya yasizidi manane, yabaki ubaoni muda wote. Wakigeukia Kifaransa, kagua kazi yenyewe kabla ya kuwalaumu, kwani mara nyingi utakuta inakamilika kwa kunyoosha kidole tu. Na kama unazungumza Kifaransa vizuri, usiwaonyeshe mpaka baada ya Krismasi.

Machi ikifika, anza kuondoka. Kuhama nyumba yenye samani kunataka notisi ya mwezi mmoja. Kama ulilipa amana, inarudi ndani ya mwezi mmoja hali ya nyumba ikilingana na état des lieux, au miezi miwili isipolingana, kwa hiyo usifunge akaunti ya benki haraka. Majira ya kutangaza mapato kwa idara ya kodi huanguka kati ya Aprili na Juni, wakati wengi wameshapanda ndege. Uliza fomu ya karatasi kabla hujaondoka. Hati zote saba za mshahara usizitupe kamwe, kwani michango ya pensheni uliyokatwa inathibitishwa kwa hizo.