Jinsi Nilivyojifunza Kumchagulia Mtu Kitabu cha Zawadi

Kitabu cha kwanza nilichomzawadia mtu kwa fedha ya mshahara wangu kilikuwa Nagona cha Euphrase Kezilahabi, nami nilikichagua kwa sababu mbili ambazo wakati ule niliziona kuwa nzuri. Niliyempa alikuwa mwenzangu wa ofisini hapa Dar es Salaam, mama wa watoto watatu, ambaye aliwahi kunisimulia kwamba alipokuwa sekondari aliisoma Rosa Mistika usiku kucha kwa mwanga wa kibatari, akalia alipofika mwisho. Nikajisemea kwamba aliyempenda mwandishi huyo atafurahi kupata kazi yake nyingine. Na kwa kuwa kila siku hutoka Mbagala alfajiri na kurudi amechoka, kitabu chembamba kitamfaa kuliko riwaya nene. Baada ya miezi miwili nilimuuliza amefikia wapi. Aliinamisha macho, akanijibu kwa upole, "Dada, nimejaribu mara nne. Naona akili yangu haifiki huko."

Jibu hilo lilinikaa moyoni kwa muda mrefu, kwa sababu mtu aliyekuwa akipenda kusoma nilimfanya ajione hana akili, na akili anayo tele. Kosa lilikuwa langu mimi niliyenunua. Rosa Mistika, iliyotoka mwaka 1971, inasimulia maisha ya msichana mmoja kwa lugha nyoofu na kwa uwazi mkubwa, hata ikawahi kupigwa marufuku shuleni. Nagona, iliyotoka mwaka 1990, ni safari ya mafumbo ambayo hata wasomi wa fasihi huisoma taratibu na kurudi nyuma. Nilihesabu kurasa, sikuhesabu uzito wa kila ukurasa. Mwezi uliofuata nilimpelekea Vuta N'kuvute ya Adam Shafi, ambayo ni nene mara kadhaa kuliko ile ya kwanza, naye aliimaliza ndani ya wiki mbili, akiisoma kwenye daladala asubuhi na jioni, kisha akanisimulia mambo ya Yasmin, msichana wa riwaya hiyo, kana kwamba ni jirani yake wa nyumba ya pili.

Tangu hapo nilijiwekea desturi ya kutompa mtu kitabu ambacho mimi mwenyewe sijakisoma mpaka mwisho, na desturi nyingine, iliyonichukua miaka kuijenga, ya kutomuuliza mtu moja kwa moja anapenda kusoma nini. Kwetu swali hilo humkumbusha mtu darasa. Hunyoosha mgongo, akataja vitabu alivyofanyia mtihani wa kidato cha nne, na hutoki hapo na lolote. Afadhali kumsikiliza anapozungumza bila kuulizwa: husimulia nini wakati wa chai, husikiliza kipindi gani redioni, hubishana juu ya nini. Baada ya hapo mimi huangalia mambo madogo ya nyumbani kwake, yaani huketi wapi akipumzika, taa ya sebuleni ina mwanga kiasi gani, macho yake yakoje, na nani anaishi naye.

Umuhimu wa hayo ya mwisho nilifundishwa na baba mkwe wangu. Yeye alifanya kazi bandarini Dar es Salaam kwa miaka mingi, na kabla yake baba yake alikuwa kuli katika bandari hiyo hiyo, naye alikuwemo katika mgomo mkubwa wa makuli wa mwaka 1947. Habari za bandari hazimtoki mdomoni. Nilipomnunulia Kuli, riwaya ya Adam Shafi inayohusu makuli wa bandari ya Unguja na mgomo wa mwaka 1948, niliamini kwamba safari hii sikuweza kukosea. Alikipokea kwa mikono miwili, akakisogeza mbali na uso wake kadiri mkono ulivyoweza kufika, akalisoma jina kwenye jalada kwa sauti, akanishukuru sana. Tuliporudi wakati wa Idi nilikikuta juu ya kabati karibu na saa ya ukutani, kikiwa kimefutwa vumbi vizuri, na hakuna ukurasa hata mmoja uliokuwa umelegea.

Nilikifungua mwenyewe chini ya taa ile, na hapo ndipo nilipoona kwamba herufi za nakala niliyoinunua zilikuwa ndogo mno kwa mzee wa miaka sabini na kitu. Yeye asingeweza kuniambia, kwa maana kumwambia mkwe kwamba zawadi yake haisomeki ni jambo zito kwa mtu wa heshima kama yeye. Nikazungumza na mume wangu, tukampeleka kupimwa macho na kununuliwa miwani. Lakini pia nikamwomba mjukuu wake wa darasa la sita, ambaye anaishi pale pale, amsomee babu kurasa chache kila jioni baada ya sala ya Isha. Jambo hilo la pili ndilo lililofanya kazi. Miwani aliizoea polepole, ila kusomewa alikupenda tangu siku ya kwanza.

Nilibahatika kuwapo jioni moja. Kijana alikuwa akisoma mahali panapoelezwa kazi ya kupakua mzigo, na mzee alimsimamisha, akakunja mkono wa shati, akamwonyesha kovu refu karibu na kiwiko ambalo alilipata kwa kulabu ya kushikia magunia. Kisha akasimama, akainama kidogo, akamwonyesha mtoto jinsi gunia linavyopokelewa begani ili lisivunje shingo, na kwa nini mtu wa mbele hapaswi kusimama ghafla. Kurasa mbili zilichukua saa nzima. Alipoketi aliniambia, "Mama Rehema, huyu aliyeandika aliwajua makuli." Mjukuu naye, ambaye hapo awali alisoma kwa kukwamakwama, sasa anasoma bila kusita, kwa sababu babu yake hakubali neno lirukwe.

Mpwa wangu alipokuwa anaolewa nilikabiliwa na ugumu wa namna nyingine. Katika sherehe za wanawake kabla ya harusi, zawadi hutolewa mbele ya watu wote, na kila mmoja huja na masufuria, blenda, seti za vikombe au mashuka. Mtu akisimama na kitabu, minong'ono huanza. Shangazi mmoja alinishauri nimpe Utendi wa Mwana Kupona, ambao Mwana Kupona binti Msham wa Pate aliutunga mwaka 1858 kwa ajili ya binti yake, na ambao kwa desturi huhesabiwa kuwa usia wa mama kwa mwanawe. Nauheshimu sana utenzi huo, lakini nilijua kwamba mpwa wangu angekwama kwenye Kiamu chake, yaani lahaja ya Lamu, beti baada ya beti, na tena mawaidha juu ya kumtii mume alikuwa akiyasikia kila siku wiki ile kutoka kwa kila mtu mzima. Nikakumbuka kwamba tangu utotoni binti huyo anapenda taarabu. Nikamchagulia Wasifu wa Siti binti Saad ulioandikwa na Shaaban Robert, maisha ya mwanamke aliyetoka kijiji cha Fumba, akauza vyungu, kisha akawa mwimbaji ambaye sauti yake ilirekodiwa Bombay mwaka 1928. Kitabu nilikikunja ndani ya doti ya khanga, hivyo mbele ya watu nilitoa khanga kama shangazi wengine, naye akakikuta alipozifungua akiwa peke yake. Alinipigia simu siku ya tatu baada ya harusi, na hatukuzungumza jambo lingine ila Siti.

Kwa watoto wadogo sina maelezo marefu. Huchukua kitabu chenye picha kubwa na maneno machache kuliko yale ambayo mzazi anadhani mtoto ameshayaweza, kwa sababu mtoto anayemaliza kitabu huomba kingine. Jina lake hulipiga mhuri au kuliandika kwa wino ndani ya jalada, maana mtoto hulinda chenye jina lake. Kwa watu wazima huandika kwa penseli, ili aliyepewa akitaka kumpa mwingine aweze kufuta bila kuona haya.

Binamu yangu anaishi Uingereza, na mwanawe wa kiume amezaliwa huko. Kiswahili anakielewa akisikia, lakini kukisoma humtisha. Mwandishi Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Zanzibar, alipopata Tuzo ya Nobel ya Fasihi mwaka 2021, kijana huyo aliisoma riwaya yake Paradise kwa Kiingereza, akamuuliza mama yake maswali mengi kuhusu pwani. Tafsiri ya Kiswahili ya Ida Hadjivayanis, iitwayo Peponi, ilipotoka mwaka 2022, nilinunua nakala moja, nikaituma kwa msafiri, nikimwomba kijana asome kwanza sura ambayo ameshaijua, huku kitabu cha Kiingereza kikiwa wazi pembeni. Mama yake anasema husoma kwa sauti, na kila anapokutana na neno alilolisikia jikoni tangu utotoni bila kuliona limeandikwa, hucheka kwa furaha.

Zawadi iliyonisumbua kuliko zote ilikuwa ya mfanyakazi mwenzetu aliyefiwa na mkewe. Nilijua tangu wiki ya kwanza ni kitabu gani ningependa kumpa, nacho ni Maisha Yangu na Baada ya Miaka Hamsini cha Shaaban Robert, kwa sababu ndani yake mwandishi anaeleza alivyofiwa na mkewe Amina, na lile shairi la kumlilia. Lakini msibani mtu huhitaji watu wa kukaa naye, maji ya kunawa na chakula cha wageni. Nikakiweka kitabu kwenye droo. Arobaini ikapita, nikasita tena, nikihofia kwamba nitamfungulia kidonda. Mwezi wa tano, siku moja baada ya kazi, alianza mwenyewe kunisimulia jinsi mkewe alivyokuwa akipanga nguo za watoto usiku wa kuamkia Jumatatu, na kwamba watu wameacha kulitaja jina la marehemu mbele yake kana kwamba hakuwahi kuwapo. Kesho yake nilimkabidhi kitabu bila kukifunga, nikamwambia tu kwamba humo yumo mwanamume aliyeandika jina la mkewe.

Hakusema neno kwa wiki kadhaa, nami sikumuuliza. Kisha mchana mmoja alikuja mezani kwangu akanieleza kwamba shairi la Amina hulisoma asubuhi kabla watoto hawajaamka. Kilichomshangaza, akasema, ni tenzi mbili ambazo Shaaban Robert aliwatungia watoto wake, Utenzi wa Hati kwa binti na Utenzi wa Adili kwa mwana. Binti yake mkubwa yuko shule ya bweni Morogoro, na tangu mama yake afariki barua zake zimekuwa fupi. Aliniuliza kitabu hicho hupatikana wapi, kwa sababu nakala niliyompa mimi hataki kuiachia, na alitaka kuchukua ya pili ampelekee binti siku ya kutembelea. Nilimwelekeza duka la vitabu la mtaa wa Samora, akaondoka kabla halijafungwa.