Hawa watoto hawapendi tu, wanaingia zamu

Kuna wazazi hapa Dodoma wanaamini kabisa mtoto wao kachezewa, kumbe wala, kapenda msanii tu.

Mtoto wa dada yangu yuko kidato cha pili, wanaishi Nkuhungu, na ni wa BTS. Wale vijana saba wa Korea. Na ukimwambia "hao wasanii wako" anakukata jicho, anataka uwataje mmoja mmoja kwa jina. Korea mwanaume lazima aende jeshini, hata awe staa wa namna gani, kwa hiyo hawa nao walikwenda kwa awamu, Jin akatangulia Desemba 2022 na wa mwisho wakamaliza Juni 2025. Sasa huyu mtoto kipindi chote hicho alikuwa anapiga alama ya kosa kwenye kalenda ya benki iliyopo sebuleni, kila siku akitoka shule kalamu nyekundu, tiki hamna, kosa tu, mama yake akawa anasifia kwa majirani kwamba mwanangu yuko siriasi anahesabu siku za mtihani 😂

Halafu kuna picha. Kule albamu zao zinauzwa na kadi ndogo ya picha ndani, na hujui utakutana na ya nani mpaka ufungue, ndo maana watu wananunua albamu ileile mara kibao wakimsaka wao. Huku hiyo hela ya kununua mpaka ifike haipo. Kwa hiyo wanajikusanya watatu wanne wanaenda steshenari, wanaprinti nyingi kwenye karatasi moja ile ya kung'aa, inapigwa lamineti, wanakata kwa mkasi na kona wanaziviringisha vizuri kabisa, inakaa nyuma ya simu ndani ya kava lisilo na rangi. Yule kaka wa steshenari sasa hivi anawajua wote saba kwa majina, mpaka anawashauri ipi itatoka na kivuli.

Mimi hapo sina shida hata kidogo. Tusijitoe ufahamu, sisi wenyewe tumepiga kelele na Timu Kiba na Timu Diamond mpaka ndugu wakanuniana, na ile 2016 tuzo ya MTV ilipotangazwa kwa Wizkid halafu ikarudishwa kwa Alikiba kuna watu walishangilia utadhani wao ndo wamepewa. Kanumba alivyofariki Aprili 2012, viwanja vya Leaders kule Dar palijaa mpaka watu wakazimia. Na Wazungu wanaojifanya wastaarabu, miaka ya 1840 kule Berlin akina mama walikuwa wanagombania glavu za mpiga kinanda Franz Liszt na vipande vya sigara alivyotupa. Simba na Yanga sisemi, maana kuna mtu mzima na kitambi chake hapa mtaani timu ikifungwa hali ugali, halafu huyohuyo ndo anasema watoto wa siku hizi wamepotea.

Kinachonikera mimi ni zamu.

Yaani hawa watoto wana kazi. Wimbo ukitoka kuna maelekezo kwenye grupu la WhatsApp, usizime sauti, usirukishe, usirudie video hiyohiyo papo kwa papo, weka nyingine katikati ndo urudi, la sivyo haihesabiwi. Mwaka 2021 wimbo wao mmoja ulifikisha zaidi ya milioni 108 YouTube ndani ya saa 24, watu wanadhani ni watu milioni 108 wamekaa wakasikiliza, hapana, humo kuna watoto kibao wanarudia na kurudia kwa bando la kuungaunga. Na saa zao na zetu zinapishana sita, nyimbo zao nyingi zinatoka kule Ijumaa saa saba mchana, huku ni saa moja asubuhi, mtoto yuko paredi na simu shuleni marufuku. Unajua alifanyaje? Alimwachia simu dada wa kazi na karatasi ya maelekezo. Dada wa watu anaosha vyombo huku anaibonyeza kila ikiisha, maziwa yakamwagikia jikoni. Kampuni inavuna huko Seoul, jiko linaungua Nkuhungu.

Mapenzi ya upande mmoja na mtu wa kwenye runinga si jambo jipya, kuna wasomi wawili Wamarekani waliliandikia tangu 1956. Ila zamani yule wa runinga alikuwa hakufuati mpaka chumbani. Sasa kampuni ina programu yake, Weverse, msanii anaingia laivu kakaa kitandani, anauliza mmekula? Na huyu mtoto aliletwa Dodoma kutoka Tabata akiwa darasa la tano, wazazi wamehamia na serikali, hamjui mtu, vumbi na upepo, mama na baba wanatoka alfajiri kwenda Mtumba kwenye ofisi za serikali wanarudi giza. Sasa aliyemuuliza kama amekula ni nani? Hapo ndo huwa namwambia dada yangu taratibu kabla hujachoma zile picha. Marafiki wote alionao mjini hapa kawapata kwa BTS, wanakutana Nyerere Square Jumamosi wanacheza zile stepu zao, watu wanapita wanawashangaa na wao hawana habari.

Kwa hiyo msimamo wangu ni kadi zibaki, dansi liendelee, zamu ndo ife. Saa nne usiku simu inalala kwa mama, na bando la kurudiarudia video halinunuliwi tena na mtu yeyote ndani ya nyumba ile, dada wa kazi akiwemo. Mtoto kanuna siku mbili tatu, akasema nikiwa hivyo rekodi itavunjwa na mashabiki wa kundi lingine, nikamwambia ivunjwe, kwani wewe una hisa?

Dada yangu bado anasema mimi ndo namharibu, na siwezi kubisha sana maana keki ya besdei ya Jungkook, mmoja wa wale saba, tarehe 1 Septemba, nililipia mimi na kuiimbia niliimba. Ila ile albamu orijino aliyoniandikia kwenye karatasi ya kaunta buku na bei kabisa kwa hela ya Kikorea, akidhani sitaweza kubadilisha, hiyo nimeiona, na nimemtumia baba yake.