Dumu Lililotupotea Nungwi

La bei nilitoe kwanza, maana limenikaa kooni. Nungwi, kaskazini kabisa mwa Unguja, mgeni ni mgeni tu, hata awe amezaliwa nchi hii hii. Chumba chenye neti iliyotoboka na feni inayozunguka ikijisikia, bei yake imeandikwa kwa dola. Nikaomba bei ya Mtanzania. Nikaambiwa ndiyo hiyo.

Kilichotupeleka ni chombo. Mwenzangu, mtu wa Dar ambaye samaki anamjua sahanini, alinunua mashua ya futi 20 kwa mafundi wa pale: tanga moja, na mashine ya nguvu za farasi 15 ya kupachika tezi, yaani nyuma ya chombo, kwa dharura. Alitaka tuifikishe Mkoani, Pemba, karibu maili 30 za baharini, tukijifunza njiani. Mimi nilijiona afadhali. Nimezaliwa Nansio, kisiwa cha Ukerewe, Ziwa Victoria, na kuogelea nilikujua kabla ya kusoma.

Nahodha tuliyemkodi alikuwa mzee mkavu, mwenye kofia ya kiua na sigara isiyokauka mdomoni. Baada ya kuitikia shikamoo zetu akauliza, "Leo mwezi ngapi?" Nikatazama simu, nikamtajia tarehe.

"Hiyo ya mshahara," akasema. "Mie nakuuliza mwezi."

Mwezi wenyewe ulikuwa karibu kujaa, na hilo likatuweka Nungwi siku ambazo sitaki kuzikumbuka kwa hesabu ya dola. Mwezi ukijaa au ukiandama, maji huwa ya bamvua: hupanda na kushuka kama mita 4, na maji mengi hivyo yakipita kwa saa sita hayapiti polepole. Mkondo ukikimbia kuukabili upepo wa kusi, mawimbi husimama wima, na chombo kidogo hakina pa kukanyaga. Nilimwonyesha utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa kwenye simu, hakuna onyo lolote. Akausoma wote, kwa heshima kabisa, kisha akasema tusubiri maji mafu, siku ambazo bahari hupanda na kushuka kidogo. Ziwani kwetu tunaogopa upepo na radi. Maji yenyewe jioni unayakuta pale pale ulipoyaacha asubuhi.

Siku hizo za kusubiri hazikuwa za kulala. Alipapasa kwa ukucha kalafati yote, pamba ya kuziba nyufa za mbao, akakata demani, kamba ya kushikilia tanga, iliyoanza kulika, akatudai kopo la pili la kukumbia maji na lifungwe kamba lisiende na wimbi. Majaketi okozi tuliyoyanunua Dar kwa bei ya kuumiza aliyazamisha baharini usiku kucha, yamefungwa kwenye jiwe. Asubuhi, mojawapo lilitoka zito kama blanketi lililolowa. Sponji ya ndani ilikuwa ya makochi! Mwenye duka sasa hapokei simu yetu.

Nikamwuliza kuhusu nanga, maana niliiona kamba yake fupi. Akacheka. Ziwa Victoria, hata mahali penye kina kirefu kuliko pote, ni kama mita 80 tu, kwa hiyo mvuvi wa kwetu akizimikiwa mashine hutupa nanga akasubiri jirani. Kati ya Unguja na Pemba kina ni mamia ya mita. Nanga huko ni chuma cha kubebea tu, na mkondo unapanda kaskazini mwaka mzima. Ukiharibikiwa unakwenda nao. Ndiyo sababu alitufungia gunia kubwa lenye mdomo wazi kwenye kamba ndefu: likitupwa kutoka omo, yaani mbele ya chombo, hujaa maji, likavuta, na chombo kikaelekeza uso kwenye mawimbi badala ya kuyapa ubavu.

Sasa nifike kwenye dumu.

Alitutoa nje ya mwamba, upepo wa wastani ukitupiga kwa nyuma, mashua inateleza vizuri na mwenzangu kwenye usukani anajipiga picha. Mzee alikuwa amekalia dumu la njano la lita 20, tupu. Akasimama, akalisukuma kwa mguu likaanguka majini.

"Mtu kaanguka," akasema, akakaa chini kuwasha sigara.

Mwenzangu akapinda usukani kwa nguvu. Mimi nikarukia demani. Tanga likapiga kelele juu yetu, foromali, mti unaobeba tanga, ikayumba, kijana wa chombo akaniinamisha kichwa kwa kiganja kabla haijanipitia. Tulipomaliza kuhangaika na kamba na chombo kikasimama kinatikisika, tukageuka kutazama. Hakuna dumu. Mawimbi hayakuzidi urefu wa meza, jua linawaka, rangi ya njano, na hatukuliona. Mwenzangu akaonyesha huku, mimi kule. Tukazunguka, tukapiga mbisho, yaani kukata huku na kule kinyume na upepo, kurudi tulikotoka, au tulikodhani tumetoka. Mashine alitukataza kuigusa. Muda ulipita mpaka sigara ikaisha na nyingine ikawashwa.

"Basi, huyo kaenda," mzee akasema. "Alikuwa na watoto wangapi?"

Hakuna aliyejibu. Akatuchukulia dumu la pili.

Safari hii alimweka kijana asimame, amnyooshee aliyeanguka kidole, na asifanye kazi nyingine yoyote duniani, hata kamba ikimpiga usoni. Mwingine anatupa majini kila kinachoelea: jaketi, ndoo, ubao wa kukalia. Mwenye usukani anakizungusha chombo kwa utulivu apande kumkuta mtu kutoka chini ya upepo, tanga lilegee, mwendo ufe pale pale alipo. "Cha tanga hakina breki wala rivasi," alituambia. Ukilazimika kutumia mashine, izimwe kabla hujamfikia, maana panga lake halichagui.

Dumu la pili tulilipata. Nikadhani tumemaliza, kumbe aliyebaki kutupwa ni mimi, kamba kiunoni. Ubavu wa mashua ile ukiwa juu yake unauona mfupi. Ukiwa majini na nguo zako ni ukuta. Nilijivuta, mikono ikakataa. Jaketi likapanda mpaka masikioni kwa sababu halikuwa na mkanda wa kupita katikati ya miguu. Walinishushia kamba yenye kitanzi, nikakanyaga, wakanivuta kwa makwapa nikamwagikia ndani. Mchana huo huo mikanda ikashonwa.

Kwenye hesabu ya mwisho kulikuwa na shilingi elfu tano za dumu lililopotea. Tulilalamika. Akasema aliyelipoteza si yeye.

Kuvuka kwenyewe hakuna la kusimulia. Tuliondoka alfajiri, upepo ukawa wa ubavuni, simu zikapoteza mtandao ndani ya mifuko yake ya plastiki, nikatapika, tukafika Mkoani jua lingali juu. Katikati ya mkondo kijana alitaja meli ya MV Spice Islander I, iliyozama maji hayo usiku wa kuamkia Septemba 10, 2011, imebeba watu kupita uwezo wake. Kuna waliookolewa wakiwa wameng'ang'ania magodoro. Hapo nikaelewa mzee alikuwa akiwaza nini aliposema tutupe kila kinachoelea.

Nilirudi Unguja kwa boti ya abiria, tiketi ghali, kiti kimevunjika, video ya usalama ikijionyesha yenyewe huku abiria wamelala. Mawazo yangu yote yalikuwa nyumbani. Kivuko cha MV Nyerere kilipinduka Septemba 20, 2018 kikiwa kimekaribia gati la Ukara, kisiwa jirani na kwetu, watu wa nchi kavu wakitazama, na zaidi ya 220 wakafa. Mwezi haukuwa na neno pale, wala bamvua. Na mitumbwi ya kaka zangu bado inatoka kila jioni kwenda kwenye dagaa na taa zake, jaketi hata moja hakuna.

Nimenunua manne, nikayaloweka usiku kucha kwenye pipa kabla ya kulipa, muuzaji amenuna. Kaka mkubwa anasema yana joto na yananasa kwenye nyavu. Nimemwambia ayavae kwanza, alalamike akiwa nayo mwilini. Sasa amekubali, ila nauli ya mzigo mpaka Nansio anasema ni juu yangu, na mimi nasema tugawane.