Talanta Yako Ina Kilo Ngapi?

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa. Tafakari ya wiki hii tunaitoa Mathayo 25:14–30, mfano wa Yesu wa bwana aliyesafiri akawaachia watumwa wake watatu talanta: tano, mbili na moja. Wawili walizizalisha; wa tatu akaifukia yake ardhini.

Makanisani tunasema fulani ana talanta tukimaanisha sauti ya kuimba au vidole vya kinanda. Waingereza nao husema "talent" kwa maana hiyohiyo. Lakini neno lenyewe limetoka kwenye mizani. Kwa Kigiriki cha kale, talanton ilikuwa mizani yenyewe, kisha ikawa uzito unaopimwa, kisha fedha yenye uzito huo. Shina lake ni la kubeba. Walatini wakaliita talentum, na Kiingereza kikalipata huko. Maana ya kipaji ilizaliwa Zama za Kati, kutokana na mafundisho juu ya mfano huu wa Yesu. Kwa hiyo hata Mwingereza asiyekanyaga kanisani, akimsifu mcheza mpira kwa neno hilo, ameazima kwa Mathayo. (Sisi talanta yetu inafanana na wingi wa Kigiriki: talanton moja, talanta nyingi.)

Sasa rudini mstari wa 15: wakapewa "kila mtu kwa kadiri ya uwezo wake". Mstari huu nimeupita mara nyingi bila kusimama. Uwezo walikuwa nao tayari! Talanta ilikuja juu yake, nayo ilikuwa mali ya mwingine.

Tena mali nyingi. Talanta moja ilikuwa kama dinari 6,000, na Mathayo 20 inaonyesha dinari ni ujira wa kibarua kwa siku. Ukipumzika kila Sabato, hiyo ni kazi ya karibu miaka 20. Yule wa tatu tunayemhurumia kwa "kamoja" kake alikabidhiwa jasho la nusu ya maisha. Nasi tunasema, "Mimi sina talanta, nafagia tu kanisa."

Kwa kipimo cha Athene, talanta ilikuwa kilo 26 hivi. Shimo la kuficha mzigo huo jirani asione si la kukwangua kwa kisigino. Mtu yule alichimba, akafukia, akaja akafukua, na bado bwana wake akamwita mlegevu. "Talanta yako", alimwambia bwana wake, na hapo hakukosea: alijua fika ni ya nani. Ungeiweka kwenye mizani, isingepungua hata chembe.