Penseli mbili za wageni wetu

Jumatatu chama chetu kidogo cha historia hapa Tanga kilipata wafanyakazi wapya wawili. Huu ni mwaka wangu wa tisa, na siku zote tumekuwa mimi na mlinzi, naye ni wa usiku tu. Kwa hiyo msinicheke nikisema nilipika mkate wa kumimina.

Binti amesomea utunzaji wa nyaraka. Kijana alikuwa mpiga picha za harusi. Wakanipa shikamoo, wakakaa kusubiri hotuba. Hotuba sikuwa nayo. Nilimpa kila mmoja penseli, kalamu zao za wino nikazitia kwenye kikombe pale mlangoni. Kijana akanitazama kama nimemnyang'anya simu.

Nikawatolea picha moja ya harusi ya watu wa Ngamiani. Tuliletewa mwaka wangu wa kwanza, nami kwa furaha nikaigeuza nyuma nikaandika majina ya wote waliomo, kwa wino, mwandiko mzuri, mkono mzito. Leo ukiitazama kwa mbele, jina la mjomba limepita juu ya shavu la bibi harusi, kinyumenyume. Wenyewe hawajarudi kuiulizia. Siku wakirudi nitajua pa kuficha uso.

Kijana naye alikuja na nyuki wake, kama kila mgeni wa kazi hii. Eti Novemba 1914 Wajerumani waliwafuga nyuki wakawaachilia kwa wanajeshi wa Uingereza walioshuka hapa kutoka India. Nyuki walikuwepo kweli, na waliuma pande zote mbili. Waliowarudisha Waingereza baharini ni jeshi la von Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani, ambalo wengi wake walikuwa askari Waafrika. Lakini sikumkatiza. Nikamuuliza, kakwambia nani? "Babu yangu, mama." Basi andika hivyo: hadithi ya nyuki, kutoka kwa babu yako, na mwaka aliokusimulia. Akaandika.

Baada ya chai akaingia mzee niliyekuwa nimemwomba aje. Akafungua bahasha, ndani mna kipande, yaani kadi ya kazi, cha baba yake aliyekata mkonge. Mkonge wenyewe ulianza huku na miche 62 tu iliyofika hai mwaka 1893, ikapandwa Kikogwe kule Pangani. Miaka sitini baadaye watu wanaletwa kwa malori kutoka mbali kuja kuukata, ndio hao manamba. Kipande ni karatasi ngumu yenye vyumba 30. Umefanya kazi leo, karani anajaza chumba kimoja. Umeugua, au hukumaliza kazi uliyopimiwa, chumba kinabaki kitupu. Vyumba 30 vikijaa ndipo unalipwa, hata kama umeshaingia mwezi mwingine.

Binti alihesabu kwa ncha ya penseli bila kuigusa karatasi (nikafurahi moyoni). Vilivyojaa ni 22.

"Babu, hivi vinane?"

"Alikimbia," mzee akacheka. "Nyapara alimshinda. Akaenda kuanza shamba jingine Korogwe, kipande kipya, jina jipya. Jina hilo ndilo letu mpaka leo."

Binti akanigeukia. "Sasa mama, kwenye daftari niandike jina gani?"

Yote mawili, nikamwambia, na nani kakueleza, na tarehe ya leo. Akaandika, akafuta, akaandika tena. Kijana akakipiga picha kipande mbele na nyuma, karibu na dirisha, pamoja na rula ili ukubwa wake uonekane. Hilo la rula alilijua mwenyewe.

Nilikuwa nimeshaandaa bahasha mpya na namba ya kabati. Mzee akakikunja kipande chake taratibu, akakirudisha mfuko wa ndani wa koti.

"Nimekuja kuwaonyesha, wanangu. Kuwaachia sijasema."

Binti akamsindikiza hadi kwenye bajaji. Mkate wa kumimina uliobaki mzee aliondoka nao.