Tochi Iliyowaka Mezani na Kuzimika Mfongoni

Zamu yetu ya maji huko Kibosho, juu ya mji wa Moshi, mara nyingi huangukia usiku. Kazi yenyewe ni kupanda hadi kwenye mgawanyiko wa mfongo, yaani mfereji wa maji ya kumwagilia mashamba, kuziba njia ya jirani kwa mapande ya mgomba na udongo, kisha kuyafuata maji hadi kihambani, shamba la nyumbani, huku ukiangalia yasitoboe ukingo. Mkono mmoja hushika jembe na mwingine hushika tochi, na tochi ikizimika hapo unabaki kusikiliza maji bila kujua yanaelekea kwa nani.

Yangu ni tochi ndogo ya mfukoni, ya alumini, yenye urefu wa kidole, inayotumia betri moja ya AA na kuwashwa kwa kitufe cha kitakoni. Niliinunua katika soko la Mbuyuni, na nyumbani iliwaka kila nilipoijaribu. Mfongoni ilizimika nilipokuwa nikiteremka ukingoni. Nikaigonga kwenye kiganja ikawaka, nikatembea hatua chache ikazimika tena. Kwa zamu tatu mfululizo nililaumu betri na kuweka mpya, na kwa kuwa tochi iliwaka kila baada ya kubadilisha, niliamini kwamba betri ndiyo iliyoiponya. Hapo ndipo nilipojidanganya, kwa sababu kule kufungua na kufunga kitako peke yake husugua hesi (mikato ya kukazia kitako) na kuibana springi upya, na tochi yenye mguso mbovu hupata nafuu ya muda hata ukirudisha betri ileile.

Fundi mmoja mjini aliiwasha mara mbili tu, akasema, "Dada, balbu imechoka, chukua nyingine." Sikuridhika. Tochi hii ni ya LED, na taa za LED kwa kawaida hufifia polepole kadiri zinavyozeeka. Inayozimika ikitikiswa na kuwaka ikigongwa inapaswa kuchunguzwa kwanza mahali umeme unapopita kutoka chuma kimoja hadi kingine.

Jumamosi moja mchana nikaketi nayo mezani. Nilianza na betri, nikaipima kwa mita nikapata volti 1.5, ambayo ni hali njema kwa betri ya alkali, ila kipimo hicho hakitoshi, kwa maana betri iliyopumzika huweza kuonyesha namba nzuri kisha ikaanguka mara inapopewa kazi. Nikaihamishia kwenye tochi ya mama, ikawaka saa nzima bila kutetereka. Betri ikaondoka kwenye orodha ya washukiwa.

Kipimo kilichonifungua macho hakikuhitaji chombo chochote. Katika tochi ya namna hii umeme hutoka kwenye betri, hupita kichwani penye taa, hurudi kwa kupitia mwili wa alumini, huingia kwenye kitako kupitia hesi na swichi, na kuishia kwenye springi inayogusa upande hasi wa betri. Basi nilifungua kitako nikakiweka kando, nikachukua kipande cha waya kilichochunwa ncha zote mbili, ncha moja nikaigusisha kwenye kitako cha betri na nyingine kwenye ukingo wa mwili ulio wazi, usio na rangi. Taa ikawaka kwa nguvu, na hata nilipoitikisa haikucheza. Kichwa, mwili na betri vikawa havina hatia, na hitilafu yote ikabaki ndani ya kile kitako kidogo.

Ndani yake kuna pete yenye tundu mbili ndogo inayoibana swichi mahali pake. Niliigusa kwa ncha za mkasi, ikazunguka bila ukinzani wowote, ilikuwa imelegea. Juu ya springi kulikuwa na unga mweupe ulioachwa na betri iliyovuja, na unga huo haufai kuguswa kwa vidole vitupu, kwa kuwa majimaji ya betri za alkali ni potasiamu hidroksaidi, ambayo huunguza ngozi. Niliufuta kwa pamba yenye maji ya limao, nikafuta tena kwa pamba yenye maji safi, nikaanika kitako juani mpaka kikauka kabisa, nikasugua ukingo wa mwili kwa kifutio cha penseli, kisha nikaikaza pete.

Iliwaka, lakini mezani ilikuwa ikiwaka tangu mwanzo. Niliibonyeza mara mia moja, nikaiangusha kwenye nyasi kutoka usawa wa kiuno, nikaiacha ikiwaka usiku. Ilikuwa na nguvu kwa saa tatu hivi, kisha ikaanza kufifia, wakati boksi lake linajivunia saa 40. Kwa kipimo cha Marekani kiitwacho ANSI FL1, muda huhesabiwa mpaka mwanga ubaki asilimia 10 ya ule wa mwanzo, kwa hiyo hata namba ya kweli huwa na saa nyingi za mwanga hafifu ndani yake. Na boksi langu halikuwa na alama ya kipimo chochote.

Kwa maji, niliweka karatasi kavu ya chooni mahali pa betri nikaizamisha kwenye ndoo kwa dakika 30. Karatasi ilitoka na kona imelowa. Oringi ya kitako, ile pete ya mpira inayozuia maji, ilikuwa na mkato, nikapata nyingine ya kufanana kwenye duka la vifaa vya mabomba. Muuzaji mwingine alitaka kuniuzia betri ya kuchaji yenye umbo lilelile la AA lakini ya volti 3.7, na nikaikataa, maana tochi isiyotengenezwa kwa ajili ya volti hizo huweza kuungua.

Zamu nne zimepita bila kuzimika, ingawa katika ya tatu ilipepesa mara moja, na nilipoifungua nikakuta pete imerudi nyuma kidogo. Sasa nimechora mstari mwembamba wa rangi ya kucha unaovuka kutoka kwenye pete hadi kwenye kitako, na kabla ya kupanda mfongoni nafungua kuutazama. Ukiwa umekatika, nakaza. Ya mama bado naitia mfuko wa pili.