Siku moja maishani mwangu: seti mbili za RAM ya kasi kwenye bodi moja, Kariakoo

Saa 2:00 asubuhi. Kazi ya kwanza iko mezani tayari: kompyuta ya dada mmoja wa Sinza anayehariri video za harusi. Ndani ina prosesa ya AMD Ryzen 9 7900, bodi ya B650 yenye sloti nne, na seti moja ya RAM ya DDR5 ya giga 32, yaani vipande viwili vya giga 16, kasi 6000 (uhamisho milioni 6000 kwa sekunde), CL30 (mipigo ambayo RAM inasubiri kabla ya kujibu, ndogo ni bora). Ameleta na seti ya pili, kampuni ile ile, jina lile lile. Anataka giga 64 na kasi ibaki pale pale 6000.

Ombi hili linakuja sana, na jibu hutolewa kabla bisibisi haijaguswa: giga 64 utazipata, kasi ya 6000 haina dhamana. Kiwanda kinapoweka vipande viwili kwenye boksi moja, kimevipima pamoja, vikiwa viwili. Namba iliyoandikwa juu ya boksi ni ahadi ya vipande hivyo viwili tu. Vipande vinne kwa pamoja hakuna aliyevipima popote. Anayevipima ni fundi, na ndiyo kazi ya siku nzima ya leo.

Saa 2:30. Lebo kwanza. Kampuni nyingi za RAM hazitengenezi chipu zenyewe. Wananunua kwa SK Hynix, Samsung au Micron, na chini ya jina moja wanaweza kubadilisha chipu kila shehena. Kwenye Corsair, mathalani, angalia maandishi madogo ya "ver" kwenye stika: yakianza na 5 chipu ni za Hynix, 4 ni Samsung, 3 ni Micron. Kwa kampuni nyingine, weka kipande kwenye mashine, fungua programu ya CPU-Z, ukurasa wa SPD, usome namba ya bidhaa, idadi ya renki (makundi ya chipu yanayosomwa kwa pamoja) na mwaka wa kutengenezwa.

Seti hizi zinatofautiana kwa jambo moja kubwa: ya zamani ni CL30, mpya ni CL36. Muuzaji aliangalia kasi na rangi tu. Si mwisho wa dunia, maana zote ni za renki moja kwa kila kipande, ila tangu sasa CL30 tuisahau. Vipande vyote vinne vitafuata taimingi (hesabu za kusubiri kama hiyo CL) za seti iliyo polepole zaidi.

Saa 3:00. BIOS, programu ya bodi inayowasha mashine, inasasishwa sasa, seti ya zamani ikiwa peke yake ndani. Kwenye jukwaa la AM5, soketi ya prosesa hizi za AMD, matoleo ya mwanzo ya BIOS yalikuwa yanahangaika sana na vipande vinne, na matoleo ya baadaye yamerekebisha mengi. Faili linawekwa kwenye flashi iliyofomatiwa FAT32, mashine inachomekwa kwenye UPS, siyo ukutani. Kwa umeme wetu huu, anayesasisha BIOS bila UPS anacheza kamari na bodi ya mteja. Piga picha setingi zote za zamani kabla ya kuanza, kwa sababu baada ya kusasisha kila kitu kinarudi mwanzo, profaili ya EXPO (setingi za kasi ambazo kiwanda kimezihifadhi ndani ya RAM) ikiwemo.

Saa 3:40. Seti mpya inapimwa peke yake. Hatua hii watu wengi wanairuka. Wanachomeka vyote vinne, mashine inagoma, halafu hawajui kama shida ni kipande kibovu au ni mchanganyiko. Vipande viwili vinakaa sloti ya pili na ya nne kuhesabu kutoka kwenye prosesa, zile zilizoandikwa A2 na B2. EXPO inawashwa, MemTest86, programu ya kupima RAM, inabuti kutoka kwenye flashi. Toleo la bure linazungusha vipimo mara nne, lakini kwa hatua hii mzunguko mmoja mzima unatosha. Sharti ni kosa sifuri. Kosa moja tu, seti inarudi dukani leo leo na risiti yake.

Wakati inapima, anaingia mzee mwenye ofisi ya uhasibu hapo juu.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba fundi. Hii yangu ina vipande viwili vya giga 4, nimepata viwili vya giga 8. Vitakubaliana?"

Ni DDR4 ya 2666, mwendo wa kawaida kabisa. Hapo hakuna mashaka makubwa, ila mpangilio ni muhimu: giga 8 moja A2 na nyingine B2, giga 4 moja A1 na nyingine B1. Kila chaneli (njia kati ya RAM na prosesa) inabeba giga 12, jumla 24, na chaneli zote mbili zinafanya kazi sawasawa. Ukiweka giga 8 zote upande mmoja na giga 4 zote upande wa pili, sehemu ya RAM itasomwa kwa chaneli moja tu. Na DDR4 haiingii kwenye sloti ya DDR5 hata ulazimishe. Zote zina pini 288, ila mkato uko mahali tofauti.

Saa 5:10. Seti mpya imepita. Sasa vyote vinne. Zima swichi ya pawasaplai, chomoa waya, bonyeza kitufe cha kuwashia ili umeme uliobaki uishe, gusa chuma cha kesi. Pini za dhahabu zinafutwa kwa kitambaa kisicho na nyuzi na pombe ya isopropili ya asilimia 99. Vidole vya Dar vina jasho muda wote, na alama ya kidole kwenye pini inatosha kuleta kosa lisiloeleweka. Ufutio wa penseli usitumie, unakwangua dhahabu.

Seti ya zamani A2 na B2, mpya A1 na B1. Angalia lachi, vile vishikizo vya sloti: bodi nyingi za siku hizi zina lachi upande mmoja tu, kwa hiyo upande usio na lachi ndio unaobaki umeinuka bila wewe kujua. Sukuma mpaka usikie mlio, kisha tazama kwa ubavu kama vipande vyote viko kimo kimoja. Kwenye mashine hii feni ya kipoza prosesa inagusa kipande cha A1, ikabidi ipandishwe juu kidogo.

Saa 5:30. Kuwasha. Skrini nyeusi, taa ya njano ya DRAM inawaka. Usiguse kitu. Bodi inajifunza RAM upya, inajaribu ishara kwa kila kipande, na kwa vipande vinne vya DDR5 inaweza kuchukua dakika kumi au hata kumi na tano. Inaweza kujizima na kujiwasha yenyewe. Mashine nyingi zinaletwa hapa zikiitwa mbovu kwa sababu mwenyewe alizima dakika ya tatu, akawasha, akazima tena, na kila mara mafunzo yakaanza upya.

Saa 5:45. Imewaka. Giga 64 zinaonekana, na bodi imechagua kasi ya 3600. Dada kafika kuchungulia.

"Fundi, mbona imeshuka hivi? Nilikuwa na 6000."

Haijaharibika. AMD wenyewe, kwa Ryzen 7000, wanatoa dhamana ya 5200 ukiwa na vipande viwili, na 3600 ukiwa na vinne. Kila kinachozidi hapo, hata kwa EXPO, ni nyongeza tunayoitafuta wenyewe. Waya za kila chaneli sasa zinagawanywa kwa vipande viwili badala ya kimoja. Ishara inayofika kwenye sloti moja inagonga na kurudi kutoka kwenye nyingine kama mwangwi kwenye ukumbi mtupu, na kasi ikiwa kubwa, mwangwi huo unaifikia ishara inayofuata kabla haijasomwa.

Kwa hesabu, 6000 kwa chaneli mbili ni GB 96 kwa sekunde, na 3600 ni GB 57.6. Pengo ni kubwa. Lakini giga 32 zikijaa katikati ya mradi, Windows inahamishia data kwenye diski ya SSD, na SSD nzuri ya kizazi cha nne inasoma kama GB 7 kwa sekunde. Kwa mhariri wa video anayejaza RAM kila siku, giga 64 za 3600 zinaishinda giga 32 za 6000. Kwa mtu wa gemu ningemwambia seti ya pili aiache.

Saa 7:00 mchana. Wali maharage, haraka.

Saa 7:30. Kupandisha. EXPO tunaiacha imezimwa, maana seti mbili zina profaili mbili tofauti na bodi inaweza kuchukua ya CL30 na kuwapa wote. Namba zinaandikwa kwa mkono: kasi 4800, taimingi 36-38-38, volti 1.35 ya RAM, na volti ya SoC (sehemu ya prosesa inayoendesha RAM) 1.20. Hiyo ya SoC isizidi 1.30, AMD waliweka ukomo huo mwaka 2023 baada ya prosesa kadhaa kuungua. Mafunzo, kubuti, kipimo kifupi. Sifuri. Kisha 5200. Sifuri. Kisha 5600: Windows inafunguka vizuri kabisa, lakini MemTest86 inatoa makosa ndani ya dakika chache.

Hapo ndipo pa hatari, na naomba wasomaji wapashike. Mashine inayofunguka siyo mashine iliyopona. DDR5 ina marekebisho ya makosa ndani ya chipu, lakini hayo hayalindi njia kati ya RAM na prosesa, na njia ndiyo inayoteseka kwenye vipande vinne. Matokeo yake ni video inayokatika ikiwa inatolewa, faili la zip linalokataa kufunguka, skrini ya bluu mara moja kwa wiki, na mbaya zaidi, mradi uliohifadhiwa ukiwa umeharibika kimya kimya.

Kwa 6000 haikuwaka kabisa. Zima, chomoa, gusanisha pini mbili za kufuta CMOS (kumbukumbu ya setingi za BIOS) kwa bisibisi kwa sekunde kumi. Kama bodi haina pini hizo, toa betri ya CR2032.

Tunarudi 5200. CL36 kwa 5200 ni nanosekunde 13.8, dhidi ya 10 za CL30 kwa 6000, na GB 83.2 kwa sekunde. Kwa vipande vinne visivyofanana, nimeridhika.

Saa 9:30 alasiri. Joto. Vipande vinne vimebanana, hewa haipiti katikati. DDR5 ina kipima joto chake, kisome kwenye HWiNFO wakati wa mzigo. Bila feni ya juu vilifika nyuzi 63. Feni moja ya milimita 120 ikaelekezwa pale, vikashuka hadi 52. Seti ya kasi inaweza kupita kipimo asubuhi dukani kwenye kiyoyozi na kuanguka saa nane mchana chumbani kwa mteja, kwa hiyo hapa tunapima bila kiyoyozi.

Saa 10:30. OCCT, programu ya kupima kwa mzigo, ndani ya Windows, halafu mradi halisi wa dada unatolewa mwanzo hadi mwisho. CPU-Z inaonyesha 2600, naye anashtuka tena. Ni sawa: DDR inahamisha data mara mbili kwa kila mpigo, zidisha kwa mbili upate 5200.

Saa 12:30 jioni. MemTest86 inaachwa kwenye UPS, mizunguko yote minne, usiku kucha. Kwenye kesi nabandika karatasi: 5200, 36-38-38, volti 1.35, SoC 1.20, toleo la BIOS, na onyo kwamba BIOS ikisasishwa namba hizi ziandikwe upya na EXPO isiwashwe. Asubuhi kukiwa na kosa hata moja, tunashuka 4800 na kipimo kinaanza upya. Na kama 4800 nayo itagoma, ushauri ni kuziuza seti zote mbili na kununua moja ya vipande viwili vya giga 32, jambo ambalo ningemshauri tangu mwanzo kama angepita hapa kabla ya kununua.